Ufunguo wa Choo Uko kwa Nani?

Mteja ameingia dukani kwako Jumamosi mchana. Anasukuma toroli, ana orodha ya vitu vya mwezi mzima, na ana mtoto wa miaka minne. Unga na mafuta tayari viko ndani. Bado sukari, sabuni na vitu vya shule. Mtoto anamvuta nguo: "Mami, nataka susu." Mama anamuuliza mhudumu choo kiko wapi. Mhudumu anamwangalia mlinzi, mlinzi anasema choo ni cha wafanyakazi peke yao. Hapo una kama dakika tatu hivi kabla mauzo yako hayajatoka mlangoni. Toroli itabaki katikati ya njia, na jioni mmoja wa vijana wako atarudisha unga kwenye rafu akijiuliza ni nani huyo aliyebadilisha nia.

Sisi kazi yetu ni malipo. Kila siku tunaongea na wenye maduka kuhusu nambari za malipo, ada, pesa iliyotumwa kimakosa na wale wajanja wa ujumbe bandia. Kwa hivyo unaweza kuuliza, watu wa pesa za simu na vyoo wapi na wapi? Ni hivi: kulipa ni hatua ya mwisho ya ununuzi. Mteja aliyeondoka kabla ya kufika kaunta hatuwezi kumsaidia kwa lolote, hata malipo yetu yawe ya kasi namna gani. Na maoni yetu ni kwamba duka lolote linalotaka mteja akae ndani zaidi ya nusu saa linafaa kuwa na choo safi, na mteja aruhusiwe kukitumia bila kuonekana kama anaomba msaada.

Nusu saa ni kidogo kuliko unavyofikiria. Saluni inamweka mteja kwenye kiti masaa manne akisukwa. Duka la vifaa vya ujenzi linamsubirisha fundi hadi mabati yapakiwe kwenye gari. Anayenunua nguo za harusi hujaribu tatu, anne, kisha anampigia dada yake simu aje aone. Hao wote ni watu wenye pesa kwenye simu, tayari kulipa, na wote wana kibofu.

Ukitaka kuona choo kikiuza, panda basi la Mombasa

Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480, na Mtito Andei iko karibu katikati. Basi likisimama pale, angalia abiria wanaelekea wapi kwanza. Si kwenye chipsi. Wanakimbia chooni, halafu ndio wanarudi polepole, wananawa, wananunua chai, samosa, maji na soda ya kubeba. Mahali ambapo choo kinanuka, watu wanarudi ndani ya basi moja kwa moja na kufunga dirisha. Chakula kinaweza kuwa kizuri ajabu, lakini nani atakula baada ya kuona yale aliyoyaona?

Wenye vituo vya petroli kando ya barabara kuu wameelewa jambo hili kuliko wengi wetu, na sababu ni ya hesabu tu. Mamlaka ya EPRA hutangaza bei ya juu kabisa ya mafuta kila mwezi tarehe 14, na bei hiyo hutumika hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Kwa hivyo vituo viwili vinavyotazamana katika mji mmoja vinauza kwa bei ambazo hazitofautiani sana. Sasa dereva aliyebeba familia atachagua kipi? Atachagua kile ambacho bibi na watoto wanaweza kushuka bila wasiwasi. Akishasimama, anajaza mafuta, na dukani hapo hapo wananunua maziwa, mkate na biskuti. Choo ndicho kilichoamua gari lisimame upande gani wa barabara.

Na hata katikati ya Nairobi tulishafundishwa somo hili zamani. Miaka ya 2000 ikielekea kuisha, David Kuria na kampuni yake ya Ecotact walianza kujenga vyoo vya kulipia vya Ikotoilet. Kabla ya hapo vyoo vingi vya umma vya jiji vilikuwa mahali pa kupita mbio ukiwa umeziba pua. Vile vipya vilisafishwa, vikawa na maji, na kando yake kukawa na wapiga viatu rangi na vibanda vya vitu vidogo vidogo. Watu walilipa. Hebu fikiria hilo kidogo: yule Mkenya ambaye huwa tunasema hana pesa, anayebishana na makanga juu ya shilingi kumi, alikubali kulipia usafi mara tu alipopewa usafi wenyewe. Na biashara ndogo zikafuata mahali choo kilipo.

Anayeumia zaidi hasemi

Tatizo la choo ni kwamba hakuna mteja anayelalamika. Akikuta bei imepanda atakuambia. Akikuta maziwa yameharibika atarudi nayo. Lakini akikuta choo kimefungwa, au kimefunguliwa na afadhali kingefungwa, atanyamaza na siku nyingine ataenda kwa jirani yako. Hutajua kamwe kilichomfukuza. Utalaumu uchumi.

Mwanamke ndiye hasa. Kwa nyumba nyingi yeye ndiye anayefanya ununuzi, yeye ndiye huandamana na watoto, na siku za mwezi haziulizi kama yuko sokoni au nyumbani. Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pedi mwaka wa 2004, na ni jambo la kujivunia, lakini pedi bila mahali pa kuibadilisha ni nusu ya msaada. Choo kisicho na komeo la ndani, kisicho na pipa lenye kifuniko, kisicho na msumari wa kutundika mkoba, kwa mwanamke ni kama hakuna choo. Halafu kuna mjamzito, mzee, mtu mwenye kisukari ambaye hulazimika kwenda haja ndogo mara kwa mara, na anayetumia kiti cha magurudumu ambaye mara nyingi hata mlango hautoshi kumpitisha. Wengi wa watu hawa hupanga safari yao ya mjini kwa kufuata vyoo wanavyovijua. Kama duka lako haliko kwenye ramani hiyo ya kichwani, hawaji kabisa.

Na kabla hatujamaliza kwa wateja, tuongee juu ya keshia wako. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vyoo vya kutosha na vinavyofaa, vitunzwe vikiwa safi na viwe na mwanga. Katiba nayo, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi. Hiyo ndiyo karatasi. Sasa panda ngazi za jengo la eksibisheni katikati ya jiji, zile stoli ndogo ndogo za viatu na simu, ghorofa nzima ikitumia choo kimoja ambacho ufunguo wake unashikwa na msimamizi wa jengo, na msimamizi ameenda chakula cha mchana. Msichana anayeuza pale hanywi maji kuanzia asubuhi, kwa makusudi. Ameshazoea. Ukimuuliza mbona kichwa kinamuuma kila jioni atakuambia ni joto. Huyo ndiye unayemtegemea ahesabu pesa vizuri, athibitishe kila malipo yaliyoingia na atabasamu kwa mteja wa mwisho. Sisi tunadhani hiyo si haki, hata kabla ya kuuliza kama ni biashara nzuri.

Mikono

Mwaka wa 2020 kila duka nchini lilikuwa na mtungi wa maji na sabuni mlangoni. Mlinzi hakukuruhusu kuingia kabla hujanawa. Wakati huo huo ada za kutuma hadi shilingi 1,000 kwa simu ziliondolewa kwa muda ili watu wapunguze kushikana noti. Tulifurahi, kwa sababu watu wengi walizoea malipo ya simu katika miezi ile. Leo ile mitungi iko wapi? Mingi imekauka, mingine imegeuzwa kuwa pipa la taka. Noti tumezipunguza, sawa, lakini toroli, mlango wa friji na nyanya tunazobonyeza kuona kama zimeiva bado tunazishika kwa mikono ile ile iliyotoka chooni.

Si mzaha. Oktoba 2022 kipindupindu kilianza tena nchini na kikaendelea hadi mwaka uliofuata, kaunti moja baada ya nyingine. Ugonjwa huo husambazwa kwa maji na chakula kilichoguswa na kinyesi, hakuna lugha ya adabu ya kulisema hilo. Mwenye bucha, mwenye mkahawa, mwenye duka la mikate, yeyote anayeuza kitu kinachoingia mdomoni, choo chake ni sehemu ya jikoni lake. Choo kizuri bila maji na sabuni ya kunawa kimefanya kazi nusu tu.

"Watachafua tu"

Tunajua majibu. Tumeyasikia mara nyingi kwa wenye biashara, na mengine yana ukweli.

La kwanza ni kwamba wateja watachafua. Ndio, watachafua. Ni choo. Lakini watu huchafua zaidi mahali walipokuta pachafu. Ukiingia ukakuta sakafu kavu, ndoo imejaa maji na harufu ya dawa, unajikuta unaangalia nyuma kabla ya kutoka. Pia tunashangaa kidogo na mwenye duka anayepiga deki mbele ya kaunta mara tano kwa siku kwa sababu ya viatu vyenye matope bila kulalamika, halafu usafi wa choo anauona kama mzigo.

La pili ni wezi, kwamba mtu ataingia chooni na bidhaa na kuzificha ndani ya nguo. Hili ni la kweli, na dawa yake ni rahisi: weka choo baada ya kaunta ya malipo au karibu na mlango wa mlinzi, na uwe na rafu ya kuachia vitu nje. Kama jengo haliruhusu, mhudumu mmoja anaweza kushika kapu la mteja kwa dakika mbili. Usimfanye kila mama mwenye mtoto aonekane mshukiwa kwa sababu ya mwizi mmoja wa mwaka jana.

La tatu ni maji, na hapa hatuna mzaha na mtu. Anayefanya biashara Nairobi anajua mgao wa maji, anajua bei ya gari la maji bomba linapokauka, na anajua kwamba choo cha kuvuta bila maji ni balaa kuliko kutokuwa na choo. Ushauri wetu: usijenge choo cha kifahari ambacho huwezi kukilisha maji. Choo cha kawaida cha kuchuchumaa, chenye sakafu ya saruji laini, pipa la maji lenye kifuniko na kopo safi, kinatosha kabisa na ni rahisi zaidi kukisafisha. Watu hawatafuti marumaru. Wanatafuta mahali pasiponuka na mlango unaofungika.

La nne ni gharama. Tupige hesabu. Tuseme tishu, sabuni, dawa, maji na mtu wa kusafisha vinakula shilingi 600 kwa siku. Kama faida yako ni asilimia 15 ya mauzo, unahitaji mauzo ya ziada ya shilingi 4,000 kulipia choo hicho. Kwa duka ambalo kapu la kawaida ni shilingi 1,000, ni wateja wanne ambao hawakuacha toroli katikati ya njia. Wanne, kwa siku nzima.

Kwa mama mboga au mwenye kibanda cha simu hesabu hiyo haiingii, na hatutamdanganya. Lakini vibanda sita vilivyo jirani vikitoa shilingi 100 kila kimoja, 600 imepatikana. Kinachoua mipango ya aina hii si pesa, ni kutoaminiana: nani alitoa, nani hakutoa, hela ilikwenda wapi. Hapo ndipo simu inasaidia. Kila mmoja atume mchango wake kwa nambari moja ya kikundi, na taarifa ya malipo isomwe mbele ya wote mwisho wa wiki. Aliyekosa siku tatu anaonekana. Anayesafisha anaonekana akilipwa.

Kulipisha au kutolipisha

Mteja wa dukani asilipishwe. Tuko imara kwa hili. Mtu amekuachia shilingi 3,000 kwenye kaunta, halafu unamdai shilingi 10 ya choo? Ile 10 ndiyo atakayosimulia nyumbani.

Mpita njia ni jambo lingine. Kama duka liko karibu na steji na watu ni wengi, kumtoza kiasi kidogo ni haki, mradi anachokipata ni kisafi. Tumia nambari tofauti ya malipo kwa ajili ya choo, usichanganye na mauzo. Mwisho wa mwezi utaona wazi kama choo kinajilipia, na mtu wa kusafisha hatalaumiwa kwa pesa za sarafu zilizopotea.

Lakini kuna tabia moja tunaiona ikianza na hatuipendi: mlinzi wa choo anamwambia mteja, "Nionyeshe ujumbe wa kulipa ndio uingie." Ujumbe wa malipo mara nyingi huonyesha na salio la mteja. Mbona mlinzi na foleni nzima wajue fulani amebakisha shilingi 43, au 43,000? Usiwadai wateja wafungue simu zao. Keshia ndiye anayeona malipo yakiingia upande wa duka; ampe mteja risiti ya karatasi, au kibao cha mbao chenye ufunguo, yaishe.

Nani anasafisha, na saa ngapi

Mara nyingi kazi ya choo humwangukia msichana mgeni zaidi dukani. Hakuna aliyemwandika kwa kazi hiyo, halipwi cha ziada, hana glavu wala buti, na akimaliza anarudi kupakia mikate. Hapo hujapata usafi, umehamisha tu uchafu. Mwajiri mtu wa kazi hiyo, hata kwa masaa machache. Mpe vifaa. Mlipe siku mliyokubaliana, kwa simu, ili abaki na rekodi ya mapato anayoweza kuionyesha chama au benki akitaka mkopo. Anayesafisha choo chako anakulindia jina lako kuliko bango lililo juu ya mlango.

Kuhusu saa, angalia taarifa yako ya malipo. Wenye maduka wengi huisoma kujua jumla tu, lakini kila malipo yana saa yake. Ukiona malipo mengi yanaingia kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni, basi choo kisafishwe saa kumi na nusu, si saa mbili usiku baada ya kila mtu kukiona. Wiki ya mishahara ongeza zamu. Na ile karatasi ya sahihi nyuma ya mlango, tafadhali, iwe ya kweli. Tumeona moja ikiwa imetiwa sahihi hadi saa kumi na moja jioni, na wakati huo ilikuwa saa nane mchana.

Kama huna hakika uanzie wapi, ingia mwenyewe kesho. Si kuchungulia mlangoni. Ingia, funga, kaa muda ambao mteja hukaa. Je, komeo linashika? Taa ikizimika unaona chochote? Mkono ukiunyoosha unafika kwenye tishu? Maji ya kunawa yapo, au bomba linakohoa tu? Halafu ujiulize simu yako umeiweka wapi wakati huo. Wengi huiweka mfuko wa nyuma, au juu ya tangi la choo, au wanaibana kwa meno, na kila mtu anamjua mtu ambaye simu yake ilizama. Pesa zenyewe hazizami, kwa sababu ziko kwenye akaunti na si ndani ya simu. Mteja akibadilishiwa laini atazikuta. Lakini siku hiyo hatakulipa, maana simu ndiyo pochi. Kirafu cha mbao upana wa kiganja, skrubu mbili, na msumari wa mkoba juu yake: fundi atakufanyia ndani ya nusu saa.